Nani Ameuvimbisha Mti? Mwongozo wa Nundu na Chungu Pande za Garsen

Ukikuta tawi lina nundu, na juu ya nundu chungu wanapanda na kushuka, fikra ya kwanza inayokujia ni kwamba chungu ndio walioifanya. Utayasikia hayo kuhusu migunga ya udongo mweusi pande za Minjila na Garsen, utayasikia kuhusu miembe ya Ngao na mikuyu ya ukingo wa Tana. Mara nyingi si kweli. Aliyeifanya nundu huwa yumo ndani au ameshaondoka, na kuna mahali ambapo ni mti wenyewe uliojivimbisha. Chungu unaowaona nje ni wapangaji, walinzi, wawindaji au wapita njia tu. Mwongozo huu unakusaidia kumtenga mwenye nyumba na mpangaji kabla hujashika panga au bomba la dawa.

Vitabu vingi vya nundu huanza na mwaloni, mti wa Ulaya, Asia na Amerika. Huko nyigu wadogo wa jamii ya Cynipidae hutaga yai ndani ya chipukizi au jani, na mti hukua kwa namna ngeni mahali pale, ukamzungushia buu ukuta na chakula kwa pamoja. Nundu za mwaloni ndizo zilizotoa wino wa hati za Ulaya na nchi za Kiarabu kwa karne nyingi. Baadhi yake hutoka maji matamu. Chungu huja kunywa, na wakiwa pale huwafukuza nyigu wengine wanaotaka kumtagia buu mayai juu ya mwili wake. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walionyesha jambo jingine: kuna nundu za mwaloni zenye kofia ndogo ya mafuta. Zikidondoka chini, chungu huzibeba hadi shimoni mwao, wakala kofia na kuiacha nundu na buu wake salama, vilevile wanavyofanya kwa mbegu za baadhi ya mimea ya msituni.

Mialoni haioti Garsen. Lakini miti yetu ina mambo yake, na mengine yanashinda ya mwaloni.

Kabla ya kutoka nyumbani

Chukua wembe mpya, koleo ndogo, kioo cha kukuza cha mara kumi, chupa kadhaa za plastiki zenye midomo mipana, kipande cha chandarua kikuukuu, mipira ya kufungia, kitambaa cheupe, bahasha za karatasi na daftari. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Simu yenye kamera nzuri inatosha kwa picha, mradi upige picha tatu kila mara: mti mzima, tawi, kisha nundu yenyewe kwa karibu. Picha ya nundu peke yake haimsaidii mtu yeyote kuitambua, maana nundu hutambuliwa kwanza kwa mti iliomo.

Toka asubuhi, kabla ya saa nne, jua halijawasukuma chungu kivulini. Majira mazuri ni wiki zinazofuata mvua, masika yakiisha au vuli ikiisha, wakati miti ina majani mapya na miiba michanga. Mvua ikiwa bado inanyesha, udongo mweusi wa delta haupitiki, na usidanganywe na anga jeupe la Garsen: maji ya Tana hutoka Aberdare na Mlima Kenya, kwa hivyo mto unaweza kufurika kwenu siku ambayo hamjaona hata wingu. Kando ya maji kuna mamba na viboko. Kwenye migunga kuna nyoka. Usitie mkono mahali ambapo jicho halijatangulia.

Jambo lingine ni watu. Mashamba ya ukingoni yana wenyewe, na mengi ni ya familia za Wapokomo. Malisho nayo ni njia za mifugo ya Waorma na Wawardei. Mgeni anayezunguka miti na wembe na chupa anatia watu wasiwasi, na wana haki ya kuwa nao. Piga hodi, msalimie mzee wa kijiji, eleza unachotafuta. Mara nyingi utapata kijana wa kuandamana nawe anayejua ni mti gani una chungu wakali na ni upi mbuzi wanaupenda, na hiyo ni nusu ya kazi.

Mgunga wenye miiba iliyofura

Mgunga unaotuhusu hapa ni Vachellia zanzibarica, ambao katika vitabu vya zamani utaukuta kwa jina la Acacia zanzibarica. Ni mti wa ukanda wa pwani, kuanzia Somalia hadi Tanzania, na unapenda udongo mweusi unaotuamisha maji. Kule Saadani, Tanzania, umetanda kwenye ardhi iliyokuwa ranchi ya Mkwaja. Maua yake ni ya manjano na ya duara. Ndugu yake wa bara, Vachellia drepanolobium, anayejaa tambarare za Athi na Laikipia, ana maua meupe. Wote wawili wana miiba inayotoka miwili miwili, na baadhi ya jozi hizo zimefura pale chini zinapoungana. Si kila mwiba hufura. Kwenye tawi moja utakuta miiba myembamba imechanganyika na iliyofura.

Usiuchanganye na mathenge. Mathenge uliletwa Kenya mwaka 1973 kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa, kisha katika miaka ya 1980 ukapandwa Bura, na sasa umeikaba sehemu kubwa ya Tana River. Nao una miiba mikali, lakini miiba yake haifuri, maua yake yameshonana kwenye shina refu lililoning'inia, na maganda yake yakiiva ni ya manjano na manene.

Sasa fanya jaribio ambalo ndilo kiini cha mwongozo huu. Tafuta ncha ya tawi linalokua, pale ambapo mwiba bado ni mchanga. Uguse. Ni laini, una rangi ya kijani au zambarau, na kucha inaingia. Tayari umefura, nao hauna hata tundu moja. Upasue kwa wembe: ndani ni nyama laini ya mti, hamna buu, hamna yai, hamna kichumba. Kisha rudi nyuma kwenye tawi hilohilo ukatafute mwiba wa zamani. Huo ni mgumu, wa kijivu au mweusi, mtupu ndani, na una tundu la duara lililotobolewa. Tundu ni kazi ya chungu. Kuvimba si kazi yao. Mti umevimba kwa asili yake, chungu wakaja wakatoboa mlango na kuhamia. Hata mgunga uliooteshwa mahali pasipo chungu hutoa miiba iliyofura.

Kwa hivyo, kwa maana ya wataalamu, hiyo si nundu ya mdudu, ingawa watu na hata vitabu vingine huiita hivyo. Nundu halisi huanza na mdudu au kuvu: pasipo mgeni huyo, mti haungevimba. Ukikumbuka tofauti hii moja, umeshawashinda wengi waliopita njia hii wakiitazama tu kwenye dirisha la gari.

Upepo ukivuma, miiba yenye matundu hupiga mluzi. Simama chini ya mti usikilize, kisha linganisha matundu. Tundu dogo sana, ambalo ncha ya sindano nene ndiyo pekee ingeingia, kwa kawaida ni la chungu mwembamba mweusi wa jenasi ya Tetraponera. Tundu kubwa zaidi, ambalo ukiligusa watoka chungu kadhaa kwa pamoja, ni la Crematogaster. Hawa wa pili utawajua kwa tumbo lao: lina umbo la moyo, na wakikasirika hulipinda juu ya mgongo hadi likaribie kichwa. Wana harufu kali. Ukiwa na pua nzuri utainusa kabla hujawaona.

Wanaoishi kwenye mgunga wa bara wamechunguzwa kuliko chungu wengi wa Afrika, na maelezo yao ni kipimo kizuri cha kuanzia. Crematogaster mimosae ana kichwa na kifua chekundu na tumbo jeusi. Ni mkali, na hutoka kwa wingi tawi likitikiswa. Crematogaster nigriceps ana kichwa cheusi, kifua chekundu, tumbo jeusi. Naye ni mkali, na ana tabia ya ajabu ya kutafuna vichipukizi na machipukizi ya maua, hivyo mti wake hubaki umeshikana na hauzai. Crematogaster sjostedti ni mweusi mwili mzima, na hataki miiba: hukaa kwenye mashimo yaliyochimbwa na mabuu ya mbawakawa ndani ya shina. Wa nne ni Tetraponera penzigi, mwembamba mweusi, ambaye hutafuna na kuharibu vitundu vya utamu vya mti. Pwani unaweza kukutana na wengine walio karibu nao lakini si wao, kwa hivyo andika unachokiona, rangi ya kichwa, ya kifua, ya tumbo, ukubwa wa tundu, badala ya kukimbilia jina.

Vitundu vya utamu navyo vitafute. Shika jani, fuata kikonyo chake kwa kioo cha kukuza, utaona kijinundu kidogo kinachometa. Hapo mti hutoa mbochi bila kungoja ua. Chungu wanakunywa humo mchana kutwa, na kwa kunywa wanakuwa doria. Kama vijinundu hivyo vimetafunwa vikawa makovu, una sababu ya kumshuku Tetraponera.

Kupima ukali wa chungu ni rahisi. Chukua kijiti kirefu, gonga tawi mara tatu, kisha hesabu chungu wanaofika kwenye alama uliyoweka katika nusu dakika. Rudia kwenye miti mitano. Tofauti utakayoiona kati ya mti na mti itakueleza zaidi kuliko mchana mzima wa kutazama. Ukiisha gonga, sogea: wakikupanda mkononi hawaachi upesi.

Kwa nini mti uwape chungu nyumba na chakula? Kwa sababu ya midomo ya wanyama. Ndovu huiepuka migunga yenye chungu wakali, na twiga hula kidogo na kuhama. Mwaka 1995, huko Mpala, Laikipia, watafiti walizungushia uzio vipande vya malisho ili baadhi visiingiwe na wanyama wakubwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalishangaza wengi. Mtu angedhani mgunga usioliwa na ndovu wala twiga ungenawiri. Badala yake, baada ya miaka kumi hivi, miti ilipunguza miiba iliyofura na mbochi, chungu walinzi wakadhoofika, na yule sjostedti wa mashimoni akaongezeka. Mbawakawa wakatoboa mashina zaidi, na miti ikakua polepole na kufa zaidi kuliko ile iliyokuwa ikiliwa. Mti ulipoona hauliwi uliacha kuwalipa walinzi, na kwa hilo ukaangamia.

Ndiyo maana nasema kwa nguvu: mgunga wenye miiba iliyofura na chungu wengi wakali si mti mgonjwa. Usiupulizie dawa. Ukiupulizia umewaua walinzi na kuacha mlango wazi.

Nundu za kweli za mgunga

Mgunga huohuo unaweza pia kuwa na nundu halisi, na hapo ndipo macho yako yatajaribiwa. Tazama mahali ilipo. Mwiba uliofura hukaa daima pale jozi ya miiba inapotokea. Nundu ya mdudu hukaa popote: kwenye vijani, kwenye shina changa, kwenye ua ambalo lilipaswa kuwa ganda la mbegu. Ipasue. Ukikuta kichumba na ndani yake buu asiye na miguu, umemkuta mwenye nyumba. Buu wa rangi ya chungwa au ya manjano mara nyingi ni wa visubi wadogo wa nundu. Buu mweupe aliyejikunja mara nyingi ni wa nyigu.

Kama vijitawi vimesongamana na kujisokota, na ukivipangusa kidole kinabaki na unga wa kahawia au wa chungwa, mwenye nyumba si mdudu. Ni kuvu wa jamii ya kutu, na jenasi ya Ravenelia inajulikana sana kwenye migunga ya Afrika. Chungu wakipita hapo wanapita tu.

Mwembe

Kwa mkulima wa ukingo wa Tana, nundu yenye hasara ni ya mwembe. Jani linatokwa na vipele vidogo vigumu, pengine mamia kwenye jani moja, vikiwa vya kijani kwanza kisha kahawia. Anayefanya hivyo ni kisubi, na mmoja anayejulikana Kenya ni Procontarinia matteiana. Jike hutaga kwenye jani likiwa bado laini na jekundu. Buu akianguliwa, jani humkulia na kumfunika. Akikomaa huruka na kuacha tundu, na kupitia matundu hayo ugonjwa wa chule hupata njia ya kuingia. Jani lenye mzigo mkubwa hukauka na kudondoka kabla ya wakati wake.

Inua jani juu dhidi ya jua. Kipele ambacho bado kina mtu kinaonekana kama doa zito lisilopitisha mwanga. Kilichohamwa kina nukta angavu katikati. Hesabu vya aina zote mbili kwenye majani kumi kutoka pande nne za mwembe. Kama vingi bado vimezibwa, wakati wa kukata ni sasa: pogoa matawi yaliyozidiwa, okota majani yaliyodondoka, choma au fukia. Kama karibu vyote vimetoboka, visubi wameshatoka, na kukata majani hayo ni kujichosha. Ngoja machipukizi mapya ndiyo uyalinde. Miche ya kununua ikague jani kwa jani, kwani ndiyo inayohamisha mdudu huyu kutoka kitalu hadi shamba. Kuhusu dawa za kunyunyiza, buu yumo ndani ya jani na dawa nyingi hazimfikii. Zungumza na ofisa wa kilimo wa wadi kabla ya kutoa pesa.

Kwenye mwembe huohuo utawakuta majimoto, chungu wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi za hariri za mabuu yao. Kiota chao kisikudanganye: ni majani mazima yaliyovutwa pamoja, wala si nundu. Na vipele si vyao. Wana ubaya wao, kwa sababu hufuga wadudu gamba kwa ajili ya maji yao matamu, na mchumaji wa maembe anajua uchungu wa kuumwa nao. Lakini faida yao ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Katika miaka ya 1950 huko Zanzibar, mtafiti M. J. Way alionyesha kwamba minazi yenye majimoto hupona mdudu anayefyonza vidaka na kuvipukutisha. Mdudu huyo ameitwa Pseudotheraptus wayi kwa heshima yake. Baadaye huko Benin ilionekana kwamba miembe yenye majimoto wengi hupata hasara ndogo ya nzi wa matunda. Paka majivu mikononi na kwenye ngazi kabla ya kupanda kuchuma, na uwaache waishi.

Mkuyu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mkuyu ni mti ambao nundu zake watu wanazila bila kujua. Kata kuyu bichi vipande viwili. Ndani yake kuna mamia ya maua madogo yanayotazamana gizani, na mengi kati yake yamegeuka vidonge vigumu. Kila kidonge ni nundu, na ndani ya kila nundu kuna nyigu mmoja.

Jike wa Ceratosolen arabicus, nyigu anayeuchavusha mkuyu Afrika Mashariki, huingia kupitia kijitundu cha juu kilichozibwa kwa magamba. Njia ni nyembamba mno. Humpokonya mabawa, naye hatoki tena. Ndani hupaka poleni aliyobeba na kutaga mayai kwenye maua yenye shingo fupi. Maua yaliyopata mayai huwa nundu, yaliyobaki huwa mbegu. Wiki kadhaa baadaye madume hutoka kwanza. Hawana mabawa, na kazi yao ni mbili: kuwapanda majike wakiwa bado ndani ya nundu zao, kisha kutoboa ukuta wa kuyu ili majike watoke na mzigo wa poleni. Madume huishia hapo. Majike huruka, na wana siku moja au mbili tu za kupata mkuyu mwingine wenye makuyu ya umri unaofaa. Mwaka 2009 watafiti waliofuata mikuyu ya bonde la mto Ugab, Namibia, walikuta poleni imebebwa na nyigu hawa kwa upepo hadi kilomita 160. Mikuyu iliyopangana kandokando ya mto, kama ilivyo Tana, ndiyo mazingira yao hasa.

Chungu wanajua ratiba hiyo. Asubuhi ambayo matundu yanatobolewa utawaona wamejipanga kwenye kuyu wakiwakamata nyigu wanaotoka. Kwa macho ya haraka wanaonekana maadui. Ila wapo pia nyigu wengine wasiochavusha chochote, ambao hutoboa kuyu kwa nje kwa mkia mrefu na kutaga ndani. Ukimwona nyigu amesimama juu ya kuyu na mkia kama uzi umezama, ndiye huyo. Huko Afrika Kusini, kwenye mkuyu wa aina nyingine uitwao Ficus sur, ilionekana mwaka 1988 kwamba chungu waliovutwa na wadudu wafyonzaji kwenye makuyu waliwazuia nyigu hao wa nje, na mti ukapata mbegu zaidi na nyigu wachavushaji zaidi. Kwa hivyo hesabu kabla ya kuhukumu: ni chungu wangapi, wanamkamata nani, na je, kuna wadudu wafyonzaji karibu na kikonyo?

Ukitaka kujua uzito wa jambo hili, nenda kaskazini hadi Hifadhi ya Nyani ya Tana, iliyoanzishwa mwaka 1976. Mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana hawapatikani porini mahali pengine popote duniani, na mkuyu ni mmoja wa miti inayowalisha. Bila nyigu mchavushaji mkuyu haupati mbegu, na bila mbegu hakuna mkuyu mchanga.

Mgeni wa kuangaliwa

Kuna chungu mmoja ambaye ukimwona chini ya migunga ni lazima umwandike: Pheidole megacephala, chungu wa kichwa kikubwa. Utawakuta askari na vibarua kwenye safu moja; vibarua ni wadogo wa kahawia, askari wana kichwa kinachozidi kifua kwa mbali. Viota vyao viko ardhini, chini ya mawe, magogo na takataka, na huenea na udongo wa miche na mizigo ya watu. Laikipia amewamaliza chungu walinzi wa mgunga, akala mayai na mabuu yao, naye hauulindi mti. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 ulifuata matokeo hadi mwisho: ndovu walivunja migunga, malisho yakawa wazi, simba wakakosa mahali pa kujificha. Punda milia, waliokuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba mwaka 2003, walishuka hadi asilimia 42 mwaka 2020, na simba wakageukia nyati. Hayo yote kwa sababu ya chungu asiyezidi punje ya mchele.

Weka kipande cha samaki au siagi ya njugu juu ya karatasi kwenye kitako cha mgunga, subiri nusu saa, upige picha waliofika. Fanya hivyo karibu na makazi, karibu na barabara, na mbali na vyote viwili.

Kufuga nundu na kuandika

Nundu usiyoijua ikate pamoja na kijitawi chake, iweke kwenye chupa, tia pamba iliyoloweshwa kidogo, funika kwa chandarua chenye matundu madogo sana au kitambaa chepesi, na uiache kivulini. Itazame kila siku. Anayetoka akiwa na mabawa mawili ni nzi au kisubi. Akiwa na mabawa manne na kiuno chembamba ni nyigu. Lakini usiharakishe kumtangaza kuwa ndiye mwenye nyumba, kwani nyigu wengi hutaga ndani ya mabuu ya wengine, na anayetoka anaweza kuwa muuaji wake. Andika tarehe ya kila anayetoka, na ubaki na nundu nyingine ya aina hiyohiyo iliyopasuliwa ili ulinganishe buu.

Chungu na nyigu waweke kwenye spiriti. Nundu zikaushe kwenye bahasha ya karatasi, kamwe si mfuko wa plastiki, zitaota ukungu. Lebo iwe ndani pamoja na sampuli na ieleze mti, sehemu ya mti, mahali, tarehe, na jina lako. "Mgunga, udongo mweusi, kusini ya Minjila, mwiba mchanga, hakuna tundu" ni lebo nzuri kuliko jina la Kilatini lililokisiwa.

Sampuli za miti ya porini zipelekwe Kituo cha KEFRI, Gede, au Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ambako kuna idara ya wadudu na hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Za mwembe zipelekwe KALRO, Mtwapa. Wataalamu wa ICIPE, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, wako Kasarani. Usisafirishe nundu yenye mdudu hai kwenda kaunti nyingine bila kuuliza KEPHIS. Ikiwa chupa yako imekaa miezi miwili bila kutoa kitu, ipasue nundu, andika ulichokikuta ndani hata kama ni vumbi tu, kisha uichome.